Injini imefungwa vidude vikabaki: dalili zake na pa kuanzia kutafuta

Gari imetoka gereji jana, leo inachemsha. Pikipiki imefungwa pistoni mpya, sasa inatoa oili pale juu kwenye hedi ambapo siku zote palikuwa pakavu. Mtu akifika hapo anawaza makubwa tu, hedi imepinda, bloku imepasuka, anaingia Kariakoo au Kirinyaga Road kuulizia injini ya mtumba, na kumbe kilichokosekana ni washa ya shaba (kale kaduara bapa kenye tundu) au kipini kifupi kuliko kidole ambacho fundi alikiona, akakiweka pembeni, akasema hiki sio lazima.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote jiulize mara ya mwisho injini ilifunguliwa sehemu gani, na dalili imeanza kabla au baada ya hapo. Kama imeanza baada, anza kutafuta pale pale palipofunguliwa, usihamie mbali. Gari iliyobadilishwa pampu ya maji halafu ikaanza kumisi, angalia kwanza soketi na paipu zilizochomolewa ili mkono upite kwenye pampu, plagi zije baadaye.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kidude kidogo kwenye injini kinafanya kazi moja kati ya nne: kinaziba, kinaongoza vitu vikae mahali pake, kinapima nafasi kati ya kitu na kitu, au kinazuia kitu kisichomoke. Kikiwa na mojawapo ya hizo kazi hakiachwi, hata kama injini imewaka bila hicho kidude na inanguruma vizuri, maana kuwaka sio ushahidi wa kitu. Vinavyoachika vipo ila ni vichache, nitavitaja.

GARI INACHEMSHA

Tuanze hapa maana ndo ugomvi mkubwa. Hii stori iko kila gereji:

"Bosi, hii themostati tutoe tu, huku kwetu joto, haka kadude ni ka nchi za baridi."
"Haina shida fundi?"
"Haina, maji yatapita vizuri zaidi."

Inaingia akilini ukiisikia, ila sio kweli. Themostati, yaani kale kavalvu kanakofungua na kufunga njia ya maji kwenda rejeta, haijali nje kuna joto kiasi gani, inaangalia joto la maji ya ndani. Nyingi za Toyota zinaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, na namba yenyewe mara nyingi imegongwa kwenye bati lake. Injini imetengenezwa ifanye kazi kwenye nyuzi 80 mpaka 90 na kitu, iwe Dar mchana wa Januari au Mafinga asubuhi ya Juni, ni joto lile lile.

Sasa sikiliza kitu ambacho wengi hawakijui. Kuna themostati ina kisahani cha pili kwa chini, kina springi yake. Injini ikiwa ya baridi maji yanazunguka kwa njia fupi, yanatoka kwenye hedi yanarudi kwenye pampu bila kupita rejeta. Ikipata moto themostati inafungua njia ya rejeta na wakati huo huo kile kisahani kinaenda kuziba ile njia fupi. Ukiitoa themostati ya aina hii, njia fupi inabaki wazi muda wote, maji yanapenda kupita kwenye urahisi, sehemu kubwa inazunguka ndani kwa ndani bila kwenda kupozwa. Matokeo yake unapanda mlima na mzigo, mshale unapanda, na fundi anakwambia "si nilishatoa themostati, basi hiyo ni gasketi ya hedi". Hapo unafunguliwa hedi bure. Kwa hiyo kama gari imetolewa themostati na inachemsha ukiikaza, rudisha themostati ya kisahani sawa na ile ya mwanzo kabla hujafungua hedi.

Kama injini yako haina hiyo njia fupi ya kuzibwa, dalili inakuwa kinyume, gari haipati joto. Mshale unakaa chini ukiwa barabara kuu, mafuta yanaliwa sana maana kompyuta inaona injini bado ya baridi inaendelea kumwaga mafuta mengi, gari ya otomatiki inachelewa kuingia gia ya juu, na taa ya cheki injini inaweza kuwaka na kodi P0128, ambayo maana yake ni kwamba maji hayafiki joto linalotakiwa. Oili nayo inaumia taratibu. Unyevu unaoingia kwenye oili unahitaji joto uondoke, joto likikosekana unaona uji wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili, mtu akiuona anapiga kelele gasketi imeungua. Inawezekana imeungua kweli, ila kwa gari isiyo na themostati, inayotembea safari fupi fupi za nyumbani na sokoni, rudisha themostati kwanza, futa mfuniko, uangalie tena baada ya safari ndefu, na maji ya rejeta uyafuatilie kama yanapungua.

Themostati unaipima nyumbani. Sufuria ya maji, ining'inize kwa uzi isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Ikifika namba yake inatakiwa ianze kuachia, na za Toyota nyingi zikifika nyuzi 95 ziwe zimefunguka milimita 8 au zaidi. Ukiwa Nairobi au Iringa kumbuka maji yanachemka kabla ya kufika 95, kwa hiyo ukiona haijafika milimita 8 usiitupe haraka, cha muhimu ianze kufunguka kwenye namba yake na ikipoa ijifunge kabisa.

Wakati wa kuirudisha kuna vitu viwili vinasahaulika. Ule mpira wa kuzunguka ukingo wake uwe mpya, na kale kavalvu kadogo kanakocheza cheza kwenye bati kakae juu. Kale ndo kanatoa hewa wakati unajaza maji. Kakikaa chini, hewa inanasa, unapata gari inayochemsha wakati themostati ni mpya na rejeta ni safi. Na kuna mafundi wanakatoa kwa koleo wakidhani ni takataka!

Kama inachemsha kwenye foleni tu halafu ukishika barabara kuu mshale unashuka, hapo usiguse themostati, tatizo ni upepo. Angalia feni, na angalia lile kava la plastiki linaloizunguka. Likivunjika bolti zake huwa halirudishwi, hasa kwenye Hiace na Land Cruiser ambazo feni inazungushwa na injini, eti linasumbua kufunga. Kazi yake ni kuilazimisha feni ivute hewa kupitia rejeta nzima, bila hilo feni inazungusha hewa ya pembeni tu. Barabara kuu husikii shida kwa sababu upepo wa mwendo unasaidia.

Mfuniko wa rejeta nao ni kidude kidogo chenye kazi kubwa. Ule ulioandikwa 1.1 unashikilia presha mpaka maji yanachemkia kama nyuzi 120 badala ya 100. Ukifunga wa kuokoteza ambao mpira wake umekufa, gari itatema maji hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

PIKIPIKI INATOA OILI KWENYE HEDI BAADA YA KUFUNGWA PISTONI

Hapa kwa bodaboda ndo panaumiza sana, mtu kipato chake cha siku kiko kwenye hicho chombo. Angalia kwanza nati nne za juu. Kwenye baadhi ya injini oili inapanda kwenda kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) ikizunguka stadi moja, yaani bolti isiyo na kichwa, na stadi hiyo nati yake inakuwa ya kofia yenye washa ya shaba chini yake, nyingine zina washa za chuma. Fundi akichanganya, au akaacha ile ya shaba kwa sababu imebanana na kuharibika, oili inapanda na nyuzi za stadi inatokea juu. Unakaza, inaendelea. Unakaza zaidi, unang'oa nyuzi. Dawa ni washa mpya ya shaba kwenye stadi yake.

La pili ni vile vipini vyenye tundu katikati vinavyokaa kati ya silinda na hedi, na kati ya silinda na bloku. Wengine wanaviita doweli. Kazi yake kubwa ni kuongoza, hedi ikae palepale ilipotobolewa kiwandani, maana matundu ya bolti yenyewe yana nafasi kidogo, hedi inaweza kuhama kiasi usichokiona kwa macho. Ikihama, gasketi inakaa upande, tundu la oili linazibwa nusu. Kimoja kati ya hivyo vipini mara nyingi kinavaa na o-ringi kwa sababu oili inapita hapo hapo. Ukiiacha hiyo o-ringi unaweza usione oili nje kabisa, inavuja kwa ndani, juu kwenye roka panakauka, unasikia tapeti zinalia na baada ya muda kamshafti imelika.

Na ile gasketi ya karatasi chini ya silinda usibadilishe kwa silikoni. Nasema hivi nikijua silikoni inapendwa sana. Kuna sehemu kiwanda chenyewe kimeweka silikoni, sampu (bakuli la oili la chini ya injini) za Toyota nyingi ziko hivyo, hapo hujaacha kitu. Ila gasketi ya chini ya silinda ina unene wake na huo unene ni kipimo, ukiuondoa pistoni inapanda juu zaidi, kompresheni inabadilika, pistoni na valvu zinasogeleana. Silikoni iliyozidi nayo inakatika vipande inaenda kuziba chujio la oili.

SAILENSI INAPANDA NA KUSHUKA, AU INAZIMA UKIACHIA MAFUTA

Sailensi hapa ni mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, sio sailensa ya moshi. Ikiwa hivyo, hewa inaingia pasipotakiwa. Kwenye pikipiki ya kabureta tafuta kile kipande kigumu cheusi kati ya kabureta na hedi, kina o-ringi, pengine pande zote mbili. Kinazuia joto la hedi lisipande kwenye kabureta na kinaziba hewa. Kuna watu wanakiacha wakipata bolti fupi. Pikipiki inawaka asubuhi vizuri, ikipata moto inaanza kukohoa na kupiga risasi kwenye sailensa.

Kwenye gari angalia o-ringi za injekta, gasketi ya manifold (bomba la kuingiza hewa kwenye injini), na paipu ndogo za mpira za nyuma. Puliza maji kidogo kwa chupa ya dawa sehemu moja moja injini ikiwa inanguruma, ukipapata mlio unabadilika. Usitumie petroli kwa hili jaribio, sailensa ya moto na petroli havikai pamoja.

OILI INAVUJA KILA MAHALI KWA MPIGO

Sili ya mbele, sili ya nyuma, tapeti kava (mfuniko wa juu ya hedi), hadi kipimo cha oili kinasukumwa juu. Sili zote haziwezi kufa siku moja, hiyo ni presha ndani ya injini. Kuna kavalvu kadogo kwenye tapeti kava, kana paipu inayoenda kwenye manifold, kazi yake kunyonya moshi na presha ya chini ya pistoni urudi kuunguzwa. Kakiziba, au fundi akiziba paipu yake kwa bolti ili "isile oili", presha inatafuta pa kutokea na inatokea kwenye sili. Kachomoe ukatikise, kinatakiwa kisikike kitu kinacheza ndani. Injini ikiwa inanguruma weka kidole mdomoni mwake, unatakiwa usikie mnyonyo. Kama kako sawa na bado ukifungua mfuniko wa oili moshi unasukuma kwa nguvu, basi hapo ni ringi za pistoni, sio suala la kidude.

Nati ya kumwagia oili ya sampu ina washa laini ya alumini au ya kubonyea. Hiyo ni ya kutumika mara moja. Ukiiacha utaona tone tone, kisha kila huduma mtu anakaza zaidi mpaka nyuzi za sampu zinaondoka.

MOSHI

Wa bluu asubuhi ukiwasha halafu unapotea, au unatoka ukishuka mlima kwa gia kisha ukakanyaga mafuta: sili za valvu. Kama hedi ilifunguliwa karibuni, ama hazikurudishwa zote, ama ziligongwa vibaya. Upande wa kuingiza hewa na wa kutoa moshi kwa injini nyingi ni tofauti kwa rangi, usichanganye.

Wa bluu muda wote pamoja na mlio wa kukwaruza baada ya kufungwa pistoni, zima hapo hapo. Nafikiria ile klipu ya waya inayokaa kwenye tundu la pini ya pistoni. Ziko mbili kila pistoni, ni vitu vyepesi kabisa, na moja ikiwa haipo au ilirudishwa ya zamani iliyolegea, pini inatembea pembeni inachimba mfereji kwenye ukuta wa silinda. Mfereji huo hausuguliki, ni kutoboa silinda saizi inayofuata au kuweka sleeva. Klipu inafungwa mpya kila mara na mdomo wake unakaa juu au chini, hauelekei pembeni. Zibeni mdomo wa bloku kwa kitambaa safi mnapoifunga, ikiruka ikaingia ndani mtafungua mpaka sampu.

TAA YA OILI INACHELEWA KUZIMA

Sampu ilifunguliwa? Basi waza ile o-ringi au gasketi ya bomba la kunyonyea oili. Isipokuwepo pampu inanyonya hewa, tapeti zinapiga kelele sekunde kadhaa kila ukiwasha, na ukikata kona oili ikiwa pungufu taa inawaka kidogo. Oili nzito inaficha tatizo, haitibu. Usiendeshe gari hivyo, beringi za krankishafti hazina subira.

DIZELI INATOA SAUTI YA KUPUMUA, CHAF CHAF CHAF

Nozeli zilitolewa, na washa zake za shaba hazikubadilishwa au hazikurudi. Mwaga maji ya sabuni kwenye shina la kila nozeli injini ikiwa inawaka, ile inayotoa povu umeipata, na mara nyingi pembeni yake pana lami nyeusi ngumu. Angalia pia kinyume chake, washa ya zamani imebaki chini shimoni fundi akaweka mpya juu yake. Zikiwa mbili nozeli inakaa juu, isipokuwepo inazama chini, na vyote viwili vinaharibu jinsi dizeli inavyomwagika. Safisha shimo, weka moja, ya unene ule ule.

MTETEMEKO AU UVUJAJI MBELE YA GIA BOKSI

Gia boksi na injini zinakutanishwa na pini mbili za kuongozea, bolti zinafuata baadaye kubana tu. Ukibadilisha injini na ile uliyonunua haina hizo pini, toa za injini ya zamani uzihamishie. Bila hizo shafti mbili hazinyooki, sili ya mbele ya gia boksi inakufa mara kwa mara, fleksi pleti (bati linalounganisha injini na gia boksi ya otomatiki) inapasuka, klachi ya manyuo inatetemeka ukiondoka. Watu wanabadilisha sili hiyo hiyo tena na tena bila kuangalia pini.

STATA NZITO BETRI IKIWA NZIMA

Waya wa asi (earth) kutoka injini kwenda bodi haukurudishwa. Umeme unatafuta njia nyingine, unapita kwenye kebo ya gia au ya mafuta mpaka kebo inapata moto. Weka mita kati ya hasi ya betri na bloku, mtu apige stata, ikipita nusu volti asi ni mbovu au haipo.

VINAVYOACHIKA

Kava la plastiki la juu ya injini lenye jina la gari, kama halijabeba chujio la hewa ndani yake, unaweza kukaa bila hilo, utapata kelele kidogo tu. Klipu moja ya kushikilia waya unaweza kufunga kwa zipu tai, ila waya usiguse sailensa wala mkanda. Bati la kuzuia joto linalogongagonga usilitupe kama karibu yake kuna waya au paipu ya mafuta. Kava la chini ya injini nalo wengi wanaacha, gari inatembea, ila masika matope yanaruka mpaka kwenye mkanda na altaneta.

KAMA VITU BADO VIKO KWENYE SINIA

Usiwashe. Kitu cha shaba au alumini laini kilikuwa kinaziba oili, mafuta au maji, kitafute kwenye bolti zenye tundu katikati na kwenye nozeli. Kipini chenye tundu au kilichonyooka kisicho na nyuzi kilikuwa kinaongoza, kipo kati ya vipande viwili vikubwa. Washa nene ngumu yenye pembe zilizochongwa upande mmoja ni ya bolti za hedi, na bila hiyo spana ya kupimia ukazaji itakudanganya kwamba bolti imekaza wakati imefika chini ya shimo. Kipande cha chuma cha nusu mwezi ni kii ya flaiwili au puli, kikikosekana taimingi inahama na pikipiki inakurudishia kiki mguuni. Bolti ndefu iliyobaki pamoja na shimo lenye bolti fupi inamaanisha zimebadilishana, fungua ile fupi uhakikishe haijashika nyuzi mbili tu.

Kikikushinda kutambua, chukua namba ya chesisi, muuza spea mwenye katalogi atakufungulia mchoro wa sehemu iliyofunguliwa, mhesabu pamoja kipande kwa kipande. Na kama kilichobaki ni klipu ya pini ya pistoni, hakuna cha kuhesabu, silinda inavuliwa tena leo.